Tembo Anapunguziwa, Tembo Ananenepa

Pale Rugenge, mtaa wetu kando ya ziwa, mbele ya nyumba ya Claudette, kuna benchi yenye mguu mmoja uliolegea. Asubuhi Claudette akiteremsha birika la kawa, yaani kahawa, wenye benchi wanafika bila kuitwa: Pitchou, tunayemwita Mazutu kwa kuwa anabeba mapipa ya dizeli kwenye bandari ya Kalundu, Sévère, tunayemwita Diplome kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa na swali, na Kizito, fundi wa kushona, mtu mpole. Siku ile Kizito alifika amekunja uso. Dada yake Élisabeth alikuwa ameenda Kalemie kumuuguza mama mkwe, akamwachia mbwa wake Tembo, wa ile aina kubwa, kichwa kama sufuria ya arusi. Mwisho wa mwezi anarudi kwa boti.

— Claudette, unipe kawa bila sukari, akasema Kizito. Sina hamu.

— Kuna nini tena?

— Tembo. Nilikuwa namupa sahani mbili za bugali, nikaona ananenepa. Nikamupa moja, akazidi kunenepa. Sasa namupa nusu, ata haigusi! Akitembea anahema kama muzee. Élisabeth nitamwambia nini? Ule mbwa njo mutoto wake.

Diplome akakohoa kidogo.

— Weye unapima mubaya. Mbwa mukubwa banamupimaka kwa muguu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Urefu wa muguu njo urefu wa bugali.

— Muguu gani? akadakia Mazutu. Sauti! Akibweka mara moja, kijiko moja.

— Basi mbwa ya jirani yangu itakula gunia, akasema Claudette.

— Tena, Mazutu akaendelea, Tembo hapendi bugali mukavu. Anapenda samaki, vichwa vya mikeke.

— Unajua aje? akauliza Kizito.

— Inaonekana kwa macho yake.

— Bandugu, ile si mafuta, akasema Diplome. Ni hewa. Mbwa ya pua kubwa anavuta harufu ya samaki ya Kalundu yote, na harufu ikifika ndani inageuka nyama.

— Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe! Mumupeleke bandarini abebe magunia, akasema Mazutu.

— Ao iko na mimba, akasema Diplome.

— Tembo ni dume!

— Kwa aina kubwa, hauwezi kujua.

Hapo akafika Noella, mpangaji mpya, aliyekulia kwa wafugaji wa bonde la Ruzizi. Alikuja na kikombe chake, akasikiliza, kisha akauliza polepole:

— Samahani, ba papa. Tembo akitoka kwa papa Kizito asubuhi, anaendaka wapi?

Diplome akakoroga kikombe kitupu. Mazutu akaangalia milima. Claudette akaanza kusugua birika lililokuwa safi.

Jibu likaja lenyewe, kwa miguu minne. Tembo alipita moja kwa moja hadi kwa Mazutu, akatia pua mfukoni mwake, akatoka na kichwa cha mukeke. Akahamia kwa Diplome, akaketi na kuinua mguu wa mbele kuomba chakula, kama mwanafunzi aliyefundishwa vizuri. Kisha akaelekea kwenye beseni la mandazi la Claudette.

— Muko munataka kuniulia mbwa? Kizito akapaza sauti.

— Alifika kwangu analia, akasema Claudette. Nikajua unamupunguzia. Nikaona ni zambi!

— Ata kwangu alilia, akasema Diplome.

Noella akapiga magoti kando ya mbwa.

— Sahani moja, mukono moja tu wa kumupa, asubuhi na mangaribi. Halafu mumutembeze. Na mushike mbavu zake: zisionekane kwa macho, lakini mukono uzisikie. Usipozisikia, amezidi kula.

Wote wakainama, mikono ndani ya manyoya. Tembo akajilaza chali kwa furaha.

— Nimepata moja! Mazutu akapiga kelele.

— Lacha, achilia, ile ni kidole yangu, akasema Diplome.

Kizito alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka akamwaga kawa.

Toka siku ile kila jioni walimtembeza kando ya ziwa, wakizozana nani ashike kamba. Mwisho wa mwezi, boti ilipofika Kalundu, Tembo alimwona Élisabeth kwa mbali. Akakimbia! Kizito na Mazutu wakashikilia kamba pamoja, wakavutwa wote wawili katikati ya wapakizi. Élisabeth akaachilia mizigo, akakaa chini palepale, akaikumbatia ile shingo pana.

— Kizito, amekuwa kijana! Ulimulisha nini?

Kizito akawageukia watu wa benchi. Mazutu akafunika mfuko wake kwa mkono.