Karata za Kusubiria Kontena

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Sheikh wetu uliyetufungulia kwa dua. Bwana Burhan, uliyegharamia shughuli hii ya kuuzindua mchezo wa Wahedi, pamoja na mkeo Bi Maliha. Wazee wangu wa Mbagala, shikamooni. Akina mama, wanafunzi wangu wa zamani na wa sasa, na nyie mliokosa viti mkakalia madirisha: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mshereheshaji amenikaribisha kwa jina la "baba wa Wahedi". Mmepiga makofi, na mie nimesimama nikayapokea kama mtu aliyezoea. Naomba makofi hayo tuyaweke pembeni kwanza. Mfukoni nina hotuba ya kurasa nne, imepigwa chapa vizuri, Bwana Burhan ameipitia na kuiridhia, na ndani yake nimejisifu mara sita, nimezihesabu. Sitaisoma.

Mnaonijua mnajua kwamba kuomba radhi si kazi yangu. Nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa, na mwanafunzi akiniona nimekosea ubaoni nilikuwa namwamuru akae chini kwanza, ndipo nafuta na kusahihisha, ili darasa lidhani nimegundua mwenyewe. Mnacheka. Mnacheka kwa sababu baadhi yenu ndio mliokalishwa. Leo nimesimama mie, na nina aibu hata sijui niiweke wapi mikono yangu.

Kwa wageni ambao hawajui tulikotoka, nianze mwanzo. Mwaka tisini na nne niliacha ualimu wa serikali nikafungua chuo cha kompyuta hapa Mbagala, chumba kimoja, mashine tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kuwekea maua. Mnaikumbuka miaka ile. Kila kitu ruksa. Aliyekuwa na dirisha la barabarani alilifanya duka, aliyekosa dirisha alitoboa ukuta. Nikajiambia, watu hawa wanaingia kwenye biashara bila kufundishwa, basi nitawatungia mchezo wa kompyuta uwafundishe. Nikauita "Mwenye Duka". Mchezaji anaanza na genge la nyanya, anapanda kwenye kibanda, anafika kwenye mitumba, hadi siku anaagiza kontena lake mwenyewe kutoka Dubai. Nilitumia miaka mitatu. Mke wangu aliniuliza kama huyo mwenye duka naye atakuja kula kwetu Idi.

Sasa, katika mchezo huo, kontena likifika bandarini mchezaji alilazimika kulisubiri litoke. Nani humu ndani hajui kusubiri kontena? Lakini mchezaji asubiri akitazama nini? Kioo kitupu? Ndipo nikaweka baraza nje ya duka, na barazani watu wanne wanacheza karata, wahedi wasitini, wawili kwa wawili. Kontena likitoka, karata zinafungwa, mtu anarudi kwenye biashara yake. Hiyo ndiyo asili ya Wahedi, mabibi na mabwana. Ilikuwa karata ya kusubiria kontena. Niliitengea siku nane tu, na nilizionea uchungu hizo siku nane.

Na hapa nikiri jambo ambalo kwa mtu wa Mbagala ni fedheha: mie sijawahi kukaa barazani nikacheza karata. Nililelewa na mjomba aliyeamini kuwa karata ni njia ya jela. Kwa hiyo nilipotaka kuujua mchezo nilikwenda kwa Mzee Salumu, yule pale mstari wa tatu mwenye kofia ya vito, nikamwomba anikubalie niketi na daftari wakati yeye na wenzake wanacheza baada ya alasiri. Nikaketi siku tatu. Nikaandika karata arobaini. Nikaandika ree pointi kumi na moja, saba pointi kumi, mzungu wa nne pointi nne, turufu inakula zote, anayefika sitini na moja ameshinda. Niliandika kila kilichowekwa mkekani. Vilivyopita nyusoni mwa wale wazee sikuviandika, kwa sababu nilikuwa nimeinamia daftari.

Mapokezi pale chuoni alikuwa binti wa mzee huyo huyo, Mauwa Salumu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alipiga chapa barua, aliwafundisha wanaoanza namna ya kushika kipanya, na saa ya chakula, mie nikienda msikitini, yeye alikuwa anasoma vitabu vyangu vya programu. Sikumfundisha. Naomba hilo liandikwe, mwandishi wa gazeti kama upo: sikumfundisha hata mstari mmoja. Nilijua anasoma kwa sababu nilikuta punje ya wali katikati ya kurasa, na nikamgombeza kwa ile punje.

Nilipomaliza karata zangu nikampa azijaribu. Akacheza mkono mmoja, akaacha.

"Mwalimu, huyu mwenzangu amekufa," akaniambia.

"Amekufaje, na karata anatupa?"

"Anatupa, ila hanitazami. Baba akipewa mwenza asiyemtazama ananyanyuka anakwenda kulala."

"Kompyuta haina macho, Mauwa."

"Basi tuichoree, Mwalimu."

Nikamwambia arudi kwenye barua zake.

Nyie wa baraza mmeshajua alichokuwa anasema. Katika wahedi wasitini mtu na mwenzake wanasemeshana kwa uso. Ukinyanyua nyusi una ree ya turufu. Ukivuta mdomo pembeni una saba. Ukifumba jicho moja una mzungu wa nne. Na ukifumba macho yote mawili unamwambia mwenzio mkono wangu mtupu, nibebe. Kila mtu anazijua ishara hizo, hata wapinzani, na ufundi wenyewe ni kuitoa ishara wakati wapinzani wanatazama karata zao. Ukinaswa watu wanacheka, mchezo unaendelea. Mtoto wa miaka tisa wa Mbagala anajua hivyo. Mie, mwenye cheti cha chuo kikuu, nilikuwa sijui.

Mauwa akaichorea. Saa za chakula, wiki tano, bila kuniambia, aliwachora wale wanne wa barazani nyuso za mistari, akawapa nyusi, akawapa midomo. Na akawapa kitu kigumu kuliko vyote, akili ya kujua ni lini hawatazamwi.

Ikafika siku ya kuonyesha "Mwenye Duka" kwa watu, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka jana. Chumbani tulikuwa watu thelathini na mmoja. Bwana Burhan alikuwepo, alikuja kuangalia kama kuna kitu cha kuuzika dukani kwake. Mwanafunzi mmoja anacheza, wengine wamemzunguka, kontena likafika bandarini, karata zikafunguka, na mara yule mwenza wa kwenye kioo akanyanyua nyusi. Chumba kikalipuka. Watu wakapiga kelele, wakapigana makofi ya mgongoni, mzee mmoja akasema, "Huyo! Huyo ana ree!"

Na mie nilifanya nini? Nilifurahi? Nilimuuliza aliyefanya vile amefanyaje? Nilizima mashine. Niliona wizi. Niliona mtu anamwonyesha mwenzake karata, kwenye mchezo wenye jina langu, mbele ya mgeni niliyekuwa nataka anione mtu mwadilifu. Nikauliza nani kafanya hivi. Mauwa akanyoosha mkono, anatabasamu, masikini, akidhani anaitwa kupongezwa.

Nitayarudia maneno yangu kama yalivyokuwa, maana aliyeyasikia siku ile ayasikie tena leo. Nilisema, "Hapa ni chuo, si kijiwe cha wezi wa karata. Umezoea wizi wa baraza la baba yako ukadhani na hapa ni kwenu. Chukua pochi yako uondoke." Hivyo. Mbele ya watu thelathini. Akachukua pochi. Alifika mlangoni akarudi, akazima feni ya mapokezi kama alivyokuwa anafanya kila jioni, akaondoka. Wallahi ile feni naiona mpaka leo.

Nikazifuta zile nyuso zote siku ile ile. Lakini mwanafunzi mmoja alikuwa ameshanakili kwenye diski yake. Diski hiyo ikaenda Tandika, ikavuka ikaenda mjini kwenye ofisi za mawakala wa bandari, ambako wanasubiri makontena ya kweli. Baada ya miezi miwili watu wakaanza kunigongea. Kuna bwana alitoka Tegeta, mwisho kabisa wa upande ule, na diski tupu kwenye bahasha, akaniambia, "Mwalimu, naomba ule mchezo wa macho." Nikampa "Mwenye Duka" mzima. Akaniuliza kama kuna namna ya kuondoa hilo duka.

Hata mmoja hakuuliza habari za nyanya zangu. Bwana Burhan alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kile kiti cha mapokezi kilichobaki wazi, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, duka lako zuri, lakini watu wote wako barazani. Nipe baraza."

Nikakubali. Nikasema nitatoa karata peke yake, mchezo kamili, na nitatengeneza ishara mwenyewe. Nilihangaika miezi minne. Watu wangu wa kwenye kioo walikonyeza kila mahali. Walifumba jicho wakati wapinzani wamewakodolea, walinyanyua nyusi hawana kitu, mmoja alivuta mdomo hadi mwisho wa mchezo kama anayeumwa jino. Mke wangu alitazama akaondoka zake.

Basi nikamtafuta yule mwanafunzi mwenye diski. Nikampa soda. Nikachukua kazi ya Mauwa, mstari kwa mstari, nikaipachika kwenye mchezo, nikabadilisha rangi ya mkeka. Rangi ya mkeka, ndugu wageni waalikwa, ndiyo kazi niliyoongeza. Kisha Bwana Burhan akaniuliza kwenye boksi tuandike jina la nani, na ulimi huu ukasema, "Mwalimu Khalfani." Mtu niliyemwita mwizi hakuwa ameiba kitu. Mwizi nilikuwa mie, na nilimfukuza kwanza ndipo nikamwibia.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwao. Nilimkuta uani anakata mboga, kuna yeye, mie na kuku wanne. Nikaomba radhi. Nililia kidogo pia, na nilidhani hapo nimemaliza. Mauwa hakuacha kukata mboga. Akaniambia, "Mwalimu, ulinitukana mbele ya watu thelathini. Sasa unakuja kuniomba radhi mbele ya kuku?"

Nikamuuliza kama atakuja leo. Akasema, "Nitakuja. Makofi sikuahidi."

Amekuja. Yuko kando ya baba yake, amekunja mikono, na kweli hajapiga makofi. Mzee Salumu, shikamoo tena. Nililitukana baraza lako nami nililikalia siku tatu nikinywa kahawa yako. Nakuomba unisamehe, nawe ukichelewa nitangoja.

Mauwa, mbele ya Diwani, mbele ya Sheikh, mbele ya watu ambao sasa ni zaidi ya mia mbili: nilikuonea, nilikutukana, nikakuibia kazi yako. Mchezo huu ni wako. Nakuomba radhi.

Nyuma yangu mnaona maboksi mia tatu yamefunikwa kitambaa cha kijani. Bwana Burhan, ndugu yangu, naomba usinyanyuke, keti tu. Leo asubuhi nilimwambia mlinzi nimesahau miwani, nikaingia humu na kalamu nne za wino mzito. Palipoandikwa "Umetungwa na Mwalimu Khalfani" pamefutwa. Yote mia tatu. Vidole hivi mnavyoviona vyeusi ni kwa ajili hiyo, na Diwani aliponipa mkono nadhani amechafuka kidogo, Mheshimiwa niwie radhi. Chini ya wino nimeacha mstari mtupu. Hilo pengo ni la Mauwa Salumu kuandika jina lake, akitaka. Asipotaka, hakuna boksi litakalotoka humu, na hasara itakuwa yangu, nimeshaiandikia barua ikae mezani kwa Bwana Burhan.

Simlazimishi. Aliyelazimishwa kuondoka asilazimishwe kurudi.

Neno la mwisho. Nilipokuwa nanakili kazi yake nilikuta ameandika maelezo madogo pembeni, ya kujikumbusha mwenyewe, namna kila ishara inavyofanya kazi. Kwenye ishara ya mwisho aliandika hivi: "Mwenzio akifumba macho yote mawili, mkono wake mtupu. Usimcheke. Mbebe." Niliyanakili na hayo, na wala sikuyasoma hadi juzi usiku wa Alhamisi nilipotoka kwao.

Wazee wangu, ndugu zangu, mmenipa masikio yenu muda mrefu, na joto lenyewe hili, nawashukuru sana. Kalamu nimeiweka hapa juu ya meza. Ngazi za jukwaa ziko upande wa kulia.

Mauwa, nitazame. Mwenzio nafumba macho yote mawili.