Gadi Thuo, Aliyewafikisha Wajumbe Barazani

Bwana Hiram Thuo aliajiriwa na Reli mwaka 1928, na tarehe 31 Desemba 1959 atastaafu, akiwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimekuwa msaidizi wake katika behewa la gadi muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Walisema pia kwamba mimi ndiye ninayeweza kumweleza Gadi Thuo bila kucheka. Hapo walikosea.

Alianza Elburgon, akipakia mbao kutoka viwanda vya msitu wa Mau. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mabega mapana, na mkubwa wa stesheni alimwajiri baada ya kumwona akibeba peke yake ubao uliowashinda wawili. Akawa mshika pointi Njoro, wa kugeuza njia za treni, kisha mpokea mizigo Nakuru. Mwaka 1949 alivaa koti la gadi, mtu wa kusimamia treni nzima, wakati Waafrika wenye koti hilo katika Bonde la Ufa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mkewe, Mugure, ambaye sote tunamwita Mama Wangeci, alilipiga pasi koti hilo mpaka likang'aa mabegani.

Kwa saa, hana mchezo. Wengine mnakumbuka alivyompigia dereva filimbi pale Gilgil huku mkubwa mmoja wa Reli akiwa bado anakunywa chai kwenye mkahawa wa stesheni. Treni ikaondoka, mkubwa akabaki na kikombe mkononi. Tulidhani Thuo amefukuzwa kazi. Badala yake, mkubwa alipofika Nakuru kwa treni ya mizigo, alimshika mkono akamwambia, "Kumbe kuna mtu anayesoma ratiba niliyoiandika."

Mnakumbuka pia siku ya nyuki. Mkulima mmoja alituma mizinga miwili kutoka Naivasha, na kifuniko cha mmoja kikafunguka njiani. Mimi niliruka nje treni ilipopunguza mwendo mlimani. Gadi alikataa kuacha behewa lake. Alijifunika blanketi, akakaa kimya mpaka Nakuru. Mama Wangeci alipomwona stesheni, uso umevimba kama boga, alimwuliza kwa adabu anamtafuta nani.

Lakini haikuwa miaka ya kicheko tu. Hali ya Hatari ilipotangazwa, familia nyingi za Wakikuyu ziliondolewa Bondeni kwa malori. Mama Wangeci na watoto walikuwa miongoni mwao. Gadi alibaki kwa kuwa kazi yake ilihitajika, akiishi peke yake katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa Reli, na kila alikokwenda alitakiwa kuonyesha pasi, kibali cha kutembea. Zaidi ya miaka miwili ilipita kabla mkewe hajaruhusiwa kurudi. Katika muda huo wote alifika kazini akiwa amenyoa ndevu na viatu vimepigwa rangi. Nilimwuliza mara moja anawezaje. Alinijibu, "Kemboi, nikifika mchafu, watasema walikuwa sawa kuniogopa."

Ndipo ikaja siku ambayo ndiyo hasa nimekaa kitini kuiandika.

Ilikuwa Machi 1957. Waafrika walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Si wote waliopewa kura, na Gadi Thuo hakupewa. Hata hivyo, asubuhi ambayo wajumbe wawili walikuwa waabiri treni yetu kwenda Nairobi kula kiapo, alifika stesheni ya Nakuru mapema kuliko siku zote, akafuta kwa mkono wake mwenyewe dirisha la behewa la daraja la kwanza.

Jukwaa lilijaa pomoni. Watu wa landi walikuja na familia zao, vibarua wakaja kutoka mashambani. Mjumbe wa kwanza, Bwana Kimaiyo, aliyekuwa mwalimu, alisindikizwa na mama yake, Chemutai, aliyembebea kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Wa pili, Bwana Asiligwa, alikuwa ametokea upande wa Kisumu, mtu mnene mcheshi aliyesalimiana na kila mtu mara mbili. Wanawake waliimba mpaka sauti ya injini ikamezwa.

Wajumbe walipoingia ndani, walimkuta mkulima wa Kizungu amekaa. Alimwita Gadi.

"Toa hawa watu hapa."

"Bwana, wana tikiti za daraja la kwanza," Thuo alisema. "Na wewe una tikiti ya daraja la kwanza. Viti vipo."

"Wewe ni Mkikuyu?"

"Ndiyo, bwana."

"Nikisema neno moja kwa D.O., utalala wapi leo?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sote tulijua neno hilo moja kwa ofisa wa wilaya lingeweza kumwondoa kazini, kumwondoa nyumbani, na kumrudisha Mama Wangeci kwenye lori. Bwana Kimaiyo aliinuka, akachukua kofia yake. "Mzee, usijiponze kwa ajili yetu. Tutakaa kwingine."

"Kaa, mwalimu," Gadi alimwambia. Kisha akamgeukia mkulima. "Jina langu ni Hiram Thuo, bwana, usije ukakosea ukilitaja. Treni inaondoka sasa." Akatoka, akapuliza filimbi kwa wakati wake. Tulipofika katika behewa letu, aliikunja bendera ikafunguka, akaikunja tena ikafunguka. Niliikunja mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipita Gilgil, tukaanza kuteremka kuelekea Naivasha, na mara breki zikalia. Mbele yetu nyapara wa gengi la njia, kikundi cha kutengeneza reli, alikuwa akipunga bendera nyekundu kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamelila tuta la reli, na vyuma vimebaki vikining'inia hewani pamoja na mataruma yake.

"Mpaka kesho," nyapara alisema. "Labda kesho jioni."

Bwana Asiligwa alishuka akatazama lile pengo, na ucheshi wote ukamtoka. "Kiapo ni leo alasiri," alisema. "Tumekubaliana wenzetu wote tuingie pamoja. Viti viwili vikibaki wazi, magazeti ya kesho yataandika nini? Kwamba Mwafrika amepewa kiti akashindwa kuja kukikalia."

Barabara nayo haikuwa na msaada. Kutoka pale tulipokuwa tuliona malori yamezama kwenye matope mpaka ekseli. Lakini ng'ambo ya pengo, juu ya reli nzima, gengi lilikuwa limeacha kiberenge chao, kile cha kusukumwa kwa mpini wa kupandisha na kushusha. Thuo alikitazama. Halafu akaitundika simu yake ya safari kwenye waya za njia, akaomba Naivasha.

Mtu mwingine angekirukia kile kiberenge na kwenda. Yeye alisimama kwenye mvua akizungumza na mkubwa wa stesheni ya Naivasha, akaomba njia ifungwe ili isije ikapita treni nyingine, akauliza pia kama kuna injini. Ilikuwepo, na behewa moja la maziwa. Kwa bahati, katika abiria wetu alikuwemo gadi mwenzetu aliyekuwa akirudi Nairobi kazini. Yeye alikabidhiwa treni airudishe Gilgil. Gadi Thuo akafunga simu na kuwatazama wajumbe.

"Waheshimiwa, kunjeni suruali."

Tulivuka mkondo tukishikana mikono. Maji yalitufika mapajani na matope yalivuta kama yana meno. Bwana Kimaiyo aliinua kibuyu cha mama yake juu ya kichwa, na kwa kukilinda akapoteza kiatu cha kulia. Hatukukiona tena.

Tulipokuwa tunapanda kiberenge tulisikia mtu akiita. Alikuwa yule mkulima, yuko katikati ya maji, mkoba begani. "Gadi! Mke wangu anapasuliwa hospitali Nairobi leo. Kuna nafasi?"

Nakiri mimi ningemwacha pale. Thuo alirudi mpaka ukingoni, akamnyoshea mkono, akamvuta.

"Nafasi ipo, bwana. Lakini hapa hakuna daraja la kwanza. Kila mtu anasukuma."

Basi akasukuma. Palipoteremka kiberenge kilikimbia chenyewe, upepo ukitupiga nyuso, na ziwa likafunguka mbele yetu chini ya mawingu. Paliponyooka tulishika mpini, mjumbe wa Baraza upande huu na mkulima upande ule, mmoja akiinuka mwingine akiinama, wote wakihema. Bwana Asiligwa aliimba wimbo wa kwaya kutupa mapigo. Tulipopumzika, Bwana Kimaiyo alizungusha kibuyu. Mkulima alikishika akasita, akanywa, akakunja uso. Kisha akaomba tena.

Naivasha, injini ilikuwa tayari na moshi umesimama. Dereva, Bwana Gurdial, alichukua makoti na suruali za wajumbe akazianika karibu na tanuri, nao wakapanda milima ya Kijabe wamejifunga magunia matupu kiunoni. Ilibaki shida ya kiatu. Gadi alivua buti zake nyeusi za kazi, akazifuta kwa leso, akaziweka mbele ya Bwana Kimaiyo.

"Zitakubana kidogo, mwalimu. Lakini zinang'aa."

"Na wewe?"

"Mimi leo siendi mbali."

Bwana Kimaiyo hakuelewa maneno hayo mpaka tulipofika Nairobi. Wenzao walikuwa wakiwangoja na gari. Mkulima alimpa Gadi mkono, akaenda zake mbio. Sijui kama lile neno kwa D.O. liliwahi kusemwa, kwetu halikufika. Bwana Asiligwa akamshika Thuo bega, akamvuta kuelekea garini. "Twende, mzee! Utakaa ghorofani kule Barazani na wageni, uone kazi yako imefika wapi."

"Siwezi," alisema. "Pasi yangu ni ya Reli, hainiruhusu mjini. Nikivuka lile lango, nitakamatwa."

Waliondoka wakimwangalia kwa nyuma. Yeye alikaa kwenye benchi la jukwaa na soksi zake zilizolowa, nami nikakaa naye. Alasiri karani mmoja alifungua dirisha la ofisi na kuigeuza redio itazame nje. Wapagazi waliacha mizigo, wapiga makaa wakashuka kwenye injini. Tukasikia kwamba wajumbe wapya wote wamekula kiapo, wote, bila hata mmoja kukosekana. Nimesikia kelele nyingi stesheni, lakini kama zile sijawahi. Dereva wa treni ya Mombasa alivuta honi na kuiacha ilie. Watu ambao hata jina lake hawakulijua walimnyanyua Gadi Thuo mabegani wakamzungusha jukwaa zima, miguu yake ya soksi ikining'inia, naye akiwasihi wamshushe kwa sababu treni ya Kisumu inakaribia kuondoka. Nilimwona akilia na kucheka kwa pamoja. Ni mara hiyo tu.

Bwana Kimaiyo alipopata zamu yake ya kwanza ya kuhutubia Baraza, hakuanza na mashamba wala shule. Alisema kwamba aliapa akiwa amevaa buti za mtu aliyemfikisha Nairobi, na kwamba mtu huyo alibaki stesheni kwa kuwa sheria haikumruhusu kutembea katika mji alikowaleta wengine. Akaliuliza Baraza linaona vipi jambo hilo. Magazeti yaliandika. Tuliyasoma kwa sauti landini, Mama Wangeci akiwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga.

Tangu hapo mambo yamelegea kidogo kidogo. Mwaka huu Gadi alikwenda Nairobi siku ya mapumziko, akavuka lango la stesheni kwa miguu yake, akanywa chai mjini, akarudi. Alituambia chai ya Nakuru ni bora. Na sasa kila mtu anazungumzia uchaguzi mwingine, ambao inasemekana watu wengi zaidi watapiga kura. Amekwisha kuniambia atakuwa wa kwanza kwenye foleni, na ninyi mnamjua kwa habari ya kuwahi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa stesheni, wa njia, wa karakana na wa ofisi: Gadi, ahsante. Umetufundisha kazi, umetupigia filimbi tulipolala, na umetufanya tutembee vifua mbele. Bwana Kimaiyo na Bwana Asiligwa wameahidi kuwa nasi siku ya sherehe, na tumewaonya kwamba hotuba ndefu hazitavumiliwa.

Nawe, Mama Wangeci, tulimchukua mume wako akiwa kijana wa kubeba mbao. Tulimchukua Krismasi, tulimchukua watoto walipougua, na mwaka ule ulipoondolewa kwa lori tulibaki naye sisi, wewe ukamkosa. Sasa tunamrudisha kwako, mzee mwenye heshima yake, mwende nyumbani kwenu kule Elburgon mkapande viazi na kuwaona wajukuu wakikua. Muishi kwa afya na amani, na asubuhi ziwe zenu wenyewe.

Micah Kemboi
Msaidizi wa Gadi, Stesheni ya Nakuru