Katibu Aliyeandika Historia za Wenzake

Ndugu wafiwa, majirani wa Tooting hapa London, wanachama wa Umoja wa Wakazi, na nyote mliotoka Ilford, Thornton Heath na kwengineko kuja kutushika mkono leo, Jumanne tarehe 19 Machi 2019, mimi ni Mardhiya Himid, mzaliwa wa Wete, Pemba, rafiki wa marehemu kwa miaka arobaini na saba, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu Kalpana Raichura. Ni yeye mwenyewe aliyeagiza yasomwe kwa Kiswahili, msomaji niwe mimi, na asitokee mtu wa kunikatisha, kwa hivyo wale wanaonijua na ambao wameshaanza kutazama saa, tafadhalini tulieni, kurasa ni nne na nitazisoma zote nne. Wanawe, Lila na Harish, wanaelewa kila neno, ingawa tangu wadogo ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, na wajukuu watatafsiriwa nyumbani.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1941 mjini Mombasa, mtaa wa Makadara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Ranjan, karani wa forodha bandarini Kilindini, na marehemu mama Hansa, ambaye achari yake ya ndimu ilijulikana mpaka Likoni. Alianza skuli mwaka 1947 pamoja na wasichana wenzake wa Kihindi, akamaliza mwaka 1957, akajifunza kupiga taipu kwa miezi sita, na mwezi Januari 1959 akaajiriwa na kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, akawa anaandika barua za Kiingereza ofisini na kugombana kwa Kiswahili na wachukuzi dirishani, na huko dirishani ndiko alikoupata ule ulimi wake, maana Kalpana akishakwambia jambo, jamani, huulizi mara ya pili.

Tarehe 8 Disemba 1963, siku nne kabla ya uhuru wa Kenya, alifunga ndoa na Vijay Raichura, fundi umeme wa hapo hapo Mombasa, katika harusi iliyozimikiwa na taa mara mbili, na mara zote mbili bwana harusi alivua viatu, akapanda ngazi na nguo zake za harusi, akazirekebisha taa mwenyewe, kwa kuwa hakukubali fundi mwengine aziguse, huku bibi harusi akimshikia ngazi na kumwambia ashuke. Ndoa hiyo ilidumu miaka hamsini na mitano na miezi mitatu, na kwa kadiri nilivyoishuhudia mimi, ilikuwa hivyo hivyo mpaka mwisho. Lila alizaliwa Mombasa tarehe 3 Juni 1965, na Harish akazaliwa hapa London tarehe 19 Oktoba 1970.

Mwanzoni mwa mwaka 1968, wakati watu wenye pasi za Kiingereza walipokuwa wakitakiwa vibali vya kazi kule Kenya, na huku Uingereza nako ikisemwa kwamba mlango utafungwa, familia iliuza vitanda, ikaigawa mifugo ya mama Hansa, yaani kuku wawili na kasuku, ikapanda ndege, na ikateremka London Jumamosi tarehe 24 Februari, Lila amevishwa sweta tatu na Vijay amevaa suti ya harusi kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa nzito. Walipata chumba kimoja ghorofa ya tatu hapa Tooting, jiko la kushirikiana na familia mbili, na ukuta uliolowa hata mwezi wa Julai. Marehemu aliomba kazi ya kupiga taipu katika ofisi kumi na moja, zote zikamwambia hana uzoefu wa hapa, ati herufi za Mombasa ni nyengine, akaenda kufungasha biskuti kiwandani kwa miaka mitatu, mpaka mwezi Septemba 1971 alipoajiriwa katika ofisi ya chuo kimoja, ambako alianza kwa kupiga taipu, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ofisi, na akastaafu mwaka 2001.

Mimi nilikutana naye mwezi Machi 1972 katika duka la kufulia, nilipomsikia mwanamke aliyevaa sari akiitukana mashine kwa Kiswahili cha Mombasa, matusi ambayo sitayasoma hapa, nikacheka, akanigeukia akaniuliza nacheka nini na nguo zangu zimo ndani ya mashine hiyo hiyo. Kweli zilikuwamo. Tulizingoja mpaka saa kumi, tukanywa chai kwake, na tokea siku hiyo sikuwa mgeni tena katika nchi hii.

Mwaka 1973, sebuleni kwa kaka Vijay, kilianzishwa Umoja wa Wakazi, chama kidogo cha halmashauri yetu tu, kisichotaka bunge wala waziri mkuu, kilichotaka kuta zikauke, lifti zipande, na watoto wa akina mama wanaofanya kazi wapate pa kulelewa. Kamati ilikuwa ya watu kumi na saba, Wagujarati, Wapunjabi, Wapemba na Waunguja, sote tumetoka Afrika Mashariki, na lugha pekee iliyotukusanya ilikuwa Kiswahili, basi tulikuwa tunagombania mabomba ya London kwa Kiswahili, na marehemu, katibu wetu tangu siku ya kwanza, aliandika kumbukumbu zote kwa Kiswahili.

Kazi yake nyengine, ambayo hakupewa na mtu, ilikuwa kuandika historia za viongozi. Kila aliyechaguliwa kuongoza kwa kujitolea alikalishwa jikoni kwake, akapewa chai ya tangawizi, akaandikiwa ukurasa mmoja, amezaliwa wapi, amefanya kazi gani, mikono yake inaweza nini, na chini kabisa, pale ambapo vyama vyengine huandika sifa, yeye aliandika upungufu, na mwenyewe akatakiwa atie saini. Ya kaka Vijay ilisema, mwenyekiti, fundi umeme, amefunga nyaya katika nusu ya maduka ya Tooting, upungufu, hamwachi mtu amalize sentensi. Ya Balwinder Singh, tuliyemwita kaka Balwinder sote, ilisema, mkuu wa vipeperushi, seremala aliyetengeneza mabehewa ya reli Nairobi, anazijua ngazi zote za kata, upungufu, hasemi hata panapotakiwa kusema. Yangu ilisema, karani wa hospitali, anajua kila nyumba yenye unyevu na kila mtoto anayekohoa ndani yake, upungufu, ana hasira, na akianza hamalizi. Nilitia saini nimenuna. Ya kwake mwenyewe hakuiandika, kila tukimuuliza alisema katibu hana historia, ana kalamu tu.

Sasa nafika Jumamosi tarehe 14 Januari 1978, siku tuliyomchagua mgombea wa udiwani, nami naomba mnisikilize vizuri kwa kuwa hapa ndipo marehemu alipotaka mfike. Wagombea walikuwa wawili, kaka Vijay na mimi, kura zilikuwa za siri, zikatiwa katika bati la biskuti, na kaka Vijay alikuwa ameshahesabu kichwani watu wake tisa, yeye mwenyewe akiwemo, na mke wake, na Balwinder. Zilipofunguliwa, mimi nilikuwa na tisa na yeye nane. Aliinuka akanipa mkono, na nasema mbele yenu kwamba sijapata kuona mgombea mshindani mwenye moyo kama ule, alipanda nami kila ngazi miezi minne mizima, akabeba kipaza sauti, akanikata kila sentensi, na tarehe 4 Mei nikashinda kwa kura thelathini na moja, nikawa diwani miaka minane, lifti za majengo matatu zikapanda na kuta za nyumba zaidi ya mia mbili zikakauka.

Lakini mtu mmoja kati ya watu wake tisa alikuwa amemgeuka, na mwiba huo haukumtoka. Balwinder ndiye aliyekuwa wa kwanza kati ya watu wake kunipa mkono jioni ile, basi kaka Vijay akaamua ni yeye, na hakumgombeza wala hakumfukuza, alifanya jambo baya zaidi, alimwondolea ukaka. Kuanzia wiki ile alimwita Bwana Singh, kwa adabu zote, Bwana Singh karibu, Bwana Singh kwaheri, miaka arobaini na moja, na Balwinder, ambaye alihamia Ilford mwaka 1981, aliendelea kuja Tooting kila uchaguzi kupanda ngazi zake na vipeperushi, akinywa chai yake amesimama karibu na mlango. Hakujitetea hata siku moja. Sisi wengine tulizoea, na mimi niliyefaidika na kura ile nilizoea kuliko wote, Mungu anisamehe.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwezi Novemba 2017, figo zilipochoka, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na hata huko aliwaandikia wauguzi historia zao na upungufu wao, nao wakatia saini, na bado zimebandikwa ukutani. Jumamosi tarehe 2 Februari mwaka huu aliniita kitandani, akaniambia nichukue kalamu, kwamba leo katibu ataandikiwa historia. Tarehe zote mlizozisikia amezitaja yeye. Tulipofika chini kabisa ya ukurasa nikangoja aniambie upungufu, nikidhani atataja chumvi anayoizidisha, akaniambia niandike hivi, upungufu, alimpigia kura Mardhiya, kisha akamwogopa mume wake, na akamwacha mtu asiye na kosa aubebe mzigo.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema alikuwa ametuandika sote wawili, alijua Vijay angekuwa diwani wa kusema na mimi diwani wa kusikiliza, na watu wenye kuta mbovu walihitaji kusikilizwa, kwa hiyo kura hajaijutia hata dakika moja. Alichojutia ni kimya. Wiki ya kwanza alingoja hasira ipoe, mwaka wa kwanza alingoja uchaguzi upite, baadaye akaona haya kwa kuwa amechelewa, na kila mwaka haya ikazidi, mwanamke aliyekuwa haogopi meya wala mwenye nyumba. Alilia, nami nikalia, kisha akanisomesha ukurasa tena aone kama nimeweka mikato sawasawa. Akatia saini. Alifariki dunia Jumanne tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, mume na watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Nilikuwa na ahadi ya kusoma, lakini kumwaibisha mfiwa mbele ya halaiki sikuweza, kwa hivyo juzi Jumapili, baada ya chai ya asubuhi, nilimpelekea kaka Vijay ukurasa huo. Aliusoma akiwa amesimama. Akaenda bustanini, akakaa huko saa nzima bila koti, Lila akampelekea koti, hakulivaa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ameumia, na nisiwadanganye watu kwamba hakuumia, kwa sababu angemsamehe siku ile ile lau angemwambia, kisha akafikiri akasema hapana, asingemsamehe, ingemchukua mpaka Pasaka. Akacheka, kidogo tu. Halafu akaniuliza kama kaka Balwinder atakuja. Nimemnukuu kama alivyosema, kaka Balwinder.

Nilimpigia simu Balwinder Ilford mchana huo, nikamwambia yote. Alisema kura yake alimpa Vijay, ila kura ilikuwa ya siri, na kama angejisafisha yeye, kaka Vijay angemtafuta mwengine kati ya wale saba waliobaki, na mwisho angefika kwa nani kama si nyumbani kwake mwenyewe. Hakuuliza jengine, aliuliza tu kama Vijay anakula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa miezi kumi na sita na kuvumilia kuandikwa, inamshukuru dereva wa gari la wagonjwa aliyekubali kupita njia ya sokoni kila Ijumaa ili achague bamia mwenyewe, inawashukuru majirani wa ghorofa zote waliopika, wafanyakazi wenzake wa chuoni waliotuma maua, na wanachama wote wa Umoja wa Wakazi, wazee na wale vijana wapya ambao historia zao alizimaliza Disemba iliyopita.

Shukrani ya mwisho nimekabidhiwa na kaka Vijay niisome kwa maneno yake, nayo ni kwa Balwinder Singh, aliyeketi kule nyuma kabisa karibu na mlango. Balwinder, anasema anakuomba radhi mbele ya watu wote, na kiti cha mkono wake wa kulia hapa mbele, kilichokuwa cha Kalpana katika kila mkutano, leo hakuna wa kukikalia isipokuwa wewe. Ameniomba nikifika hapa ninyamaze, nami nanyamaza, mjue imenigharimu.

Naona kaka Vijay ameshainuka, hakungoja nimalize sentensi, anakwenda yeye mwenyewe kumchukua. Wapisheni njia, jamani, magoti yake hayako vizuri. Kalpana, dada yangu, amefika kwa kaka yake, wameshikana, kazi yako imekwisha, basi pumzika, upumzike kwa amani.