Viatu vya Abrahamu Havijakauka

Wiki ya tatu ya mvua, benchi la Bertha muuza kahawa pale Iyunga lilikuwa limebaki na upande mmoja wa kukalia. Upande wa pili bati lilivuja, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupanda kuliziba. Malori yalipita barabara kuu yakiturushia tope hadi magotini. Bertha alikuwa amesogeza jiko lake la mkaa na birika la kahawa karibu nasi, lakini jioni ile hatukumshukuru, maana joto la jiko ndilo lililoamsha harufu. Ilitoka kwenye miguu ya binamu yangu Andendekisye. Tulikuwa wanne benchini, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme.

Aliyesema ni Fred. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kushika kibao cha kusimamisha magari kwenye ujenzi wa barabara.

— Mjumbe, alisema bila kumtazama. Kama kuna panya amekufa chini ya benchi, tuambie tumtoe.

— Si panya. Ni viatu. Najua.

Andendekisye ni mjumbe wa nyumba kumi, na huwa hakubali kosa kirahisi. Safari hii alikubali kwa sauti ya mtu ambaye ameshaambiwa nyumbani. Mkewe Esnath, alitueleza, siku hizi anavitoa nje usiku na kufunga mlango kwa komeo, kana kwamba vitarudi vyenyewe.

Hapo kicheko kilikuwa kifupi. Sote tulijua viatu vile ni vya nani na vinakwenda wapi.

Ni vya marehemu kaka yake, Abrahamu. Vya ngozi nyeusi, vya kamba. Abrahamu alivinunua Iringa mjini mwaka ambao mwanawe Lusekelo alianza kidato cha kwanza. Kuna wanaosema alivinunua Makambako. Si kweli, nilikuwa naye. Alivivaa kanisani na misibani tu. Alipofariki, siku ya kuanua tanga, viligawiwa kama ukoo wetu unavyogawa: anayepewa viatu vya baba ndiye anayesimama kuwa baba wa watoto waliobaki. Lakini lazima avivae mbele za watu, atembee hadi mlangoni na kurudi. Visipomkaa, vinakwenda kwa anayefuata. Siku ile aliyefuata alikuwa Saulo wa Tukuyu, ndugu yetu ambaye Abrahamu hakupatana naye hadi kufa. Andendekisye alivivaa, akatembea, akarudi. Wazee wakasema vimemkaa.

Sasa Lusekelo anataka kuoa. Binti anaitwa Faustina, kwao Igowole, na Jumamosi ujumbe wetu unapeleka posa kwa baba yake, Mzee Liberatus. Huko kuna baridi, madirisha hayafunguliwi, na sebuleni kuna zulia. Wageni huvua viatu mlangoni. Andendekisye ndiye msemaji wetu. Alikuwa anaona kabisa jinsi atakavyofungua kamba mbele ya wakwe, na jinsi posa ya mtoto wa kaka yake itakavyoharibika kabla hajafungua mdomo.

— Magazeti, alisema Injinia. Unayasokomeza ndani usiku, yanakunywa maji yote.

Andendekisye alisema ameshasokomeza. Asubuhi magazeti yanatoka yameloa, naye anavaa.

Mimi nilitaja majivu makavu, ambayo marehemu mama yangu alikuwa akimimina viatuni jioni na kuyakung'uta asubuhi. Nayo yalishajaribiwa. Yaligeuka tope ndani ya soksi.

Ndipo Mika akaweka kikombe chini. Mika anauza dawa za mifugo karibu na stendi, kwa hiyo ni Dokta. Alisema tatizo letu tunahangaika na maji wakati adui ni mdudu. Ng'ombe akioza kwato wakati wa masika anatumbukizwa miguu kwenye maji ya mrututu, yale ya bluu, na siku chache baadaye anatembea vizuri. Viatu ni ngozi ya ng'ombe. Hakuona kwa nini dawa ikatae.

— Nitaingia kwa wakwe na miguu ya bluu?

— Bora bluu kuliko hiyo.

Injinia alikataa mambo ya dawa. Kwa maoni yake viatu vile vilikosa hewa. Vitobolewe soli kwa msumari wa moto, matundu madogo, hewa ipite chini kwa chini. Dokta alimuuliza maji ya barabarani yatapita wapi. Injinia akasema yatapita humo humo na kutoka, kama kalavati. Walibishana hapo kwa muda, lakini kwa uvivu, kama watu wanaosukuma gari wanalojua haliwaki. Dokta akahamia kwenye friza ya bucha: viatu vilale humo usiku kucha, mdudu agande afe. Injinia akajibu vifungwe kwenye bomba la moshi la lori linalopanda kwenda Uyole, vifike juu vimekauka na vimebanikwa. Bertha alisema kwa vyovyote vile, jikoni kwake havikaribii. Wateja wawili walishaiacha kahawa nusu.

Andendekisye hakucheka wala kukataa. Aliuliza tu friza ya bucha inafungwa saa ngapi. Hapo ndipo nilipoona amechoka kweli.

Basi la Iringa lilikuwa limeshusha watu ng'ambo ya barabara, na mmoja wao akavuka na begi kichwani kujikinga na mvua. Alikuwa Lusekelo mwenyewe. Alitusalimia mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamooni wazee, akasimama mbele ya jiko akikunja mikono ya shati. Harufu aliipata, niliona. Injinia akamweleza tulipofikia, kuanzia magazeti hadi bomba la moshi. Alisikiliza yote, kisha akamgeukia baba yake mdogo.

— Baba, safari si Jumamosi?

— Jumamosi.

— Sasa leo umevivalia nini?

Injinia alimtazama Dokta. Dokta alitazama ndani ya kikombe. Jioni nzima tulikuwa tumevikausha viatu vile kwa midomo, na hakuna aliyejiuliza kwa nini havipumzishwi hata siku moja.

Andendekisye alinitazama mimi. Siku ya tanga nilikuwa nimekaa karibu naye.

— Vinabana, alisema.

Akaeleza, polepole. Fundi viatu alimwambia ngozi ikilowa na mguu ukiwa ndani, inatanuka. Tangu mvua zianze anavivaa kila siku na soksi mbili nzito, hata shambani kwenye viazi, ili Jumamosi atembee kama mwenye navyo. Vilikuwa havijatanuka. Vilikuwa vimeoza tu.

— Najua vinabana, alisema Lusekelo. Baba alivaa namba saba. Wewe nilishakununulia viatu, ni tisa. Siku ile ya tanga ulipofika mlangoni, nilikuwa nimesimama pale.

— Ukaona?

— Niliona ulivyokunja vidole.

— Na hukusema.

— Ningesema, leo ningekuwa mtoto wa Saulo.

Lusekelo alichuchumaa kwenye tope akamfungua kamba. Viatu viligoma, vikatoka. Soksi akazivua moja baada ya nyingine. Miguu ilikuwa myeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda mtoni, na kati ya vidole ngozi imechanika. Hakuna aliyeziba pua. Bertha akampa kijana kitambaa kikavu anachoshikia birika, akasema apanguse hadi katikati ya vidole, huko ndiko maji yanakolala. Lusekelo akapangusa. Kisha akatoa yeboyebo zake begini akamvisha.

— Jumamosi utavaa vyako. Na mpaka siku hiyo miguu ikae kavu. Vya baba nitavibeba mimi, tuvisimamishe mlangoni na vya wengine.

— Na hii harufu?

— Visipovaliwa itapungua.

— Isipopungua?

Lusekelo aliinua mabega.

— Wataambiwa ni vya marehemu, vimetoka mbali.

Andendekisye alikubali kwa kichwa. Alisema neno moja, ndaga, ambalo kwetu ni asante, na sikujua alimwambia nani.

Injinia alinyoosha kikombe. Bertha aliinamisha birika, zikatoka chicha. Hakuna aliyeinuka, mvua ilikuwa inazidi. Lusekelo alitazama huku na huku akitafuta pa kuviweka viatu visilowe tena, na Bertha akaelekeza kidole kwenye benchi, upande wa jiko. Injinia akasogea kuviachia nafasi ya mtu mzima. Bega lake likaingia kwenye matone ya lile bati bovu, naye akabaki hapo hapo.