Mariette Kaswera Hakuuawa na Uji

Wazee wa kanisa, wakwe zetu, majirani wa Kimemi, na ninyi mliosimama nje kwa kukosa viti, mimi ni Gracien, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, na familia imeniomba nisome maisha yake kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Jana jioni shemeji yake, Josaphat, alinipa karatasi iliyokwisha kuandikwa, na mwisho wake unasema kwamba yaya Mariette, yaani dada yangu mkubwa, alilishwa karuho, ile sumu inayosemekana kumaliza mtu polepole, na unamtaja jirani aliyemlisha. Ile sitaisoma. Hii nimeiandika mwenyewe, na atakayechukia achukie akiwa amekaa.

Mariette Kaswera alizaliwa Musienene tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa Mzee Kahongya na Mama Masika, wakulima wa maharagwe na viazi. Alisoma shule ya msingi palepale kuanzia 1985 hadi 1991, akaendelea na sekondari hapa Butembo, akarudia mwaka wa tano kwa sababu baba alikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyebeba viazi kila siku ya soko, kisha akapata diplome yake ya ualimu mwaka 1998. Alikuwa mkaidi, aliandika kila kitu katika daftari, na mtu akimdanganya alimwambia usoni, jambo ambalo baadhi yenu hamkumsamehe mpaka leo.

Alifundisha Beni kuanzia Septemba 1998, na tarehe 21 Agosti 1999 alifunga ndoa na Éliakim Mathe, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, Christa, Esdras na Gracieuse, mnaowaona hapa mbele. Mwisho wa mwaka 2014, mauaji yalipozidi kuzunguka Beni, walihamia Butembo, akaanza kuuza vitenge, na tarehe 9 Juni 2017 Éliakim akafa kwa ajali barabarani. Tangu siku hiyo Josaphat, kama kaka mkubwa wa Éliakim, alijipa neno la mwisho katika nyumba ile, ingawa sijawahi kumwona akiingia na kilo moja ya sukari. Aliyeingia kila siku ni Zawadi, jirani wa ukuta mmoja, mke wa Ramazani msafirishaji wa mizigo, ambao ni Waislamu, nalisema hili kwa sauti kwa sababu ninyi mmelisema kwa kunong'ona.

Mwezi wa Novemba 2022 yaya aliona uvimbe katika titi la kushoto, na mwezi wa Februari 2023 madaktari wa Kampala wakathibitisha kwamba ni kansa, wakampangia chimio, yaani dawa kali za kutiwa kwenye mshipa, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Alianza tarehe 6 Machi, akarudia tarehe 27 Machi na tarehe 17 Aprili, na kila safari Ramazani alimpeleka mwenyewe hadi mpakani Kasindi.

Dawa ile ilimtisha, na sisi ilitutisha zaidi. Mkojo ulikuwa mwekundu siku ya kwanza, alitapika mpaka akashika ukuta, wiki ya pili nywele zikatoka mkononi akijikuna, kucha zikawa nyeusi, mdomo ukajaa vidonda. Lakini yote hayo muuguzi alikuwa amemweleza kabla ya sindano ya kwanza, naye aliyaandika katika daftari, mkojo utakuwa mwekundu kwa sababu dawa yenyewe ni nyekundu, nywele zitaondoka na zitarudi, homa ikifika thelathini na nane nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo alijipanga, akanunua kipima joto, akasukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akamwita Zawadi amnyoe kabla nywele hazijaisha zenyewe, wakacheka wote wawili mpaka Gracieuse akaja kuona kuna nini. Na kwa kuwa chakula cha moto kilimchoma vidonda, Zawadi alimletea uji uliopoa, asubuhi na jioni.

Huo uji ndio mlioufanya ushahidi. Mlisema nani anampa mgonjwa uji wa baridi kama hana nia mbaya. Tarehe 2 Mei alipotoka damu puani, wengine walisema ni Ebola wakaacha kupita mbele ya nyumba, na walipoona watoto hawaugui wakageuka wakasema ni karuho, na Jumamosi tarehe 6 Mei Josaphat akaitisha kikao cha familia sebuleni kwake yaya, bila kumwuliza. Kikao kiliamua aache Kampala, apelekwe kwa mtu wa Alimbongo anayetapisha sumu. Maneno yake siku hiyo nayasoma kama alivyoyasema: "Ile iko dawa, hapana karuho. Nimemaliza tatu, inabaki tatu. Muniache nimalize." Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo.

Jumatatu tarehe 8 Mei, siku ambayo angekuwa Kampala kwa dawa ya nne, alikuwa Alimbongo akinyweshwa majani, na akaendelea kutapishwa siku tisa. Aliyemshika mikono ni mimi. Josaphat aliamuru, lakini mikono ilikuwa yangu, mimi mwenye diplome, niliyekuwa nimelisoma lile daftari, na sina wa kumsingizia.

Mwezi wa Julai nywele zikaanza kuota, kama muuguzi alivyosema zingeota dawa ikiachwa, nanyi mkashangilia kwamba sumu imetoka, na Jumapili tarehe 16 Julai mkamsimamisha kanisani kutoa ushuhuda wa kupona. Alisimama, akasema asante, akakaa. Uvimbe ulikuwa unakua chini ya nguo ileile aliyoivaa. Mwezi wa Machi 2024, maumivu ya mgongo yalipomzidi, nilimrudisha Kampala, daktari akatuonyesha kwamba kansa imefika kwenye ini na mifupa, akauliza kwa upole kwa nini tulipotea miezi kumi, nami nikasema ni barabara.

Zawadi alikatazwa kuvuka mlango tangu kile kikao. Wiki ya mwisho yaya alimuulizia mara mbili, nikamdanganya kwamba amesafiri, wakati kikohozi chake kilisikika upande wa pili wa ukuta. Mariette Kaswera alifariki hapa Butembo Alhamisi tarehe 19 Septemba 2024, saa tano za asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano, na alikufa kwa kansa ambayo tulizuia isitibiwe.

Jana mawe yalirushwa kwenye mlango wa Zawadi, na nimesikia vijana wakipanga kwamba tukitoka makaburini watapitia kwake. Karatasi ya Josaphat ingesomwa hapa, ingekuwa ruhusa. Basi sikilizeni, hakuna ruhusa. Mwenye jiwe aanze na mimi, nakaa nyumba ya tatu baada ya kanisa, na Josaphat anajua ninapokaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kampala na wa Butembo waliomtibu walipopewa nafasi, wauzaji wenzake wa vitenge, na walimu wa Beni waliosafiri katika barabara ile ya hatari. Tunamshukuru Ramazani kwa safari tatu. Tunamshukuru Zawadi, ambaye hayumo humu kwa sababu tulimfukuza, na watoto wa marehemu wameniomba niseme kwamba leo hawataondoka kwenda makaburini mpaka awe ametangulia mbele pamoja nao. Christa amekwisha kwenda kumwita, tutamngoja.

Yaya, pumzika kwa amani, ambayo sisi tulikunyima ukiwa hai.