Bomba la Hewa Baridi

Amani iwe juu yenu, ndugu zangu madereva na mafundi, mliokaa kwenye viti na nyie mlioegemea magari huko nyuma.

Katibu wa chama chetu kaniomba niwafundishe vijana namna ya kuliongezea gari kuukuu la michezo nguvu bila kuuza shamba la baba. Nimekubali. Ila somo langu lina mwanzo mchungu na siwezi kuuruka. Mwenye haraka anisamehe.

Wengi mnalijua gari langu, lile jekundu la milango miwili. Nililinunua Dar likiwa limeshachoka, umri wake karibu sawa na wangu. Lakini lilipopita stendi hapa Kibiti watu waligeuza shingo. Nilikuwa nimeoa mwaka huohuo, biashara yangu ya nazi inakwenda, na nawaambia kweli, hakuna kitu kilichonivimbisha kichwa kama lile gari. Vijana wakipiga kelele, "Bro, mashine hiyo!" mimi nakanyaga.

Tatizo, likikutana na kilima kidogo tu linahema. Siku moja naelekea Ikwiriri, basi la abiria likanipita, kondakta akanipungia mkono kwa dharau. Nilirudi nyumbani nimenuna, mke wangu akadhani nimefiwa.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee. Simtaji, mnamjua. Akaisikiliza injini, akasema, "Mwanangu, nguvu za gari hili hazijaenda popote, zimezibwa tu. Badili plagi na waya zake, tusafishe nozeli za mafuta, tupime kompresheni, yaani injini inavyobana hewa, tutazame na breki. Ndipo tuone kama kuna cha kuongeza."

Moyoni nikasema, mzee huyu kachoka. Nilitaka kitu kinachosikika mtaani.

Basi nikajifundisha kwenye simu. Nikakata sailensa, nikaweka bomba tupu. Nikang'oa siti ya nyuma na tairi la akiba ili gari liwe jepesi. Halafu nikasikia kwamba injini ikivuta hewa baridi inapata nguvu. Hilo ni kweli, sikatai. Wenye uwezo wananunua vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua bomba la plastiki la maji machafu na kona zake mbili. Nikaliunganisha na njia ya hewa, nikalishusha mpaka nyuma ya bampa la mbele, mdomo wake unatazama barabara, shubiri moja na nusu kutoka chini. Na gari likachangamka kweli! Nikajiona mhandisi.

Naona mnatikisa vichwa. Mna haki. Mimi si mgeni huku. Nimekua nikivuka maji ya kiunoni kwenda shule, daftari kichwani, na bado nikaelekeza pua ya gari chini kama mtu asiyejua masika ni nini.

Mke wangu kwao ni Mtawanya. Mimba ilikuwa ya kwanza, akaenda kujifungulia kwa mama yake, kama desturi. Mvua ilikuwa inanyesha wiki nzima. Asubuhi moja shemeji yangu akanipigia simu: uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya, muuguzi wa pale anataka apelekwe Kibiti upesi. Nikaruka. Nilipofika nikakuta wameshaita bajaji, ipo mlangoni. Ndugu zangu, niliifukuza. Nikasema, "Mke wangu hapandi bajaji wakati mumewe ana gari."

Tukamlaza nyuma, pale nilipong'oa siti, juu ya godoro. Mama mkwe akakaa chini pembeni yake. Kwa wakwe zangu heshima ya ukwe bado inashikwa sana. Mama mkwe na mimi hatukuwa tunasemezana ana kwa ana, neno lake lilipitia kwa binti yake. Tulipofika bondeni tukakuta maji yamekata barabara. Nikamsikia nyuma yangu, "Mwambie mumeo, maji yale yana kasi. Njia ya mikoroshoni ni kavu."

Mke wangu akavuta pumzi. "Mume wangu, mama anasema tuzunguke."

"Mwambie mama, gari hili lina nguvu."

Nikakanyaga. Hatukufika hata katikati. Injini ilitoa mlio mmoja, kama nyundo imegonga chuma, ikakata. Nazungusha ufunguo, kimya. Maji yakaanza kuingia milangoni. Mama mkwe akashuka, maji yako mapajani, akaenda mbele akashika bampa, akasukuma gari lirudi nyuma, na mimi nasukuma mlangoni nimeshika usukani. Mwanamke wa umri ule. Nikikumbuka nakosa pa kuweka uso.

Waliokuwa shambani walisikia kelele, wakaja mbio na kitanda cha kamba. Wakambeba mke wangu mabegani kwa ileile njia ya mikoroshoni, kwa zamu, mpaka walipopata gari la kumfikisha Kibiti. Mtoto wetu alizaliwa, wa kiume. Hakulia. Muuguzi aliniambia hawezi kuapa kama kuwahi kungemwokoa. Neno hilo siku nyingine linanifariji, siku nyingine linanitesa.

Watu wakaja kuzika. "Kudra ya Mungu," wakasema, "mafuriko hayana adabu." Nikaitikia. Kila aliyetaja mafuriko nikamwitikia, wala bomba sikulitaja kwa mtu. Mke wangu akabaki kwao. Nikiuliza atarudi lini, najibiwa, bado. Nikaacha biashara, nikaacha hata kwenda msikitini, nikawa nashinda kijiweni bila kusema na mtu. Nilikonda. Gari likakaa uani chini ya turubai.

Yule fundi mzee ndiye aliyenifuata. Hakunipa pole ndefu. "Tulivute gari gereji, tulifungue," akasema. Tukafungua wote wawili. Mkono wa pistoni umepinda, maana maji hayabanwi kama hewa, yakiingia humo lazima kitu kivunjike. Kisha akalichomoa lile bomba, akaligonga chini, likatoka tope na majani.

"Hiki nini?"

"Bomba la hewa."

"Na mafuriko ndiyo yaliyolifunga hapa?"

Akasema, "Kudra ya Mungu siijadili, mimi si sheikh. Nauliza habari ya bomba tu."

Nililia pale gereji mbele ya wateja. Hapo ndipo nilipogeuka.

Kesho yake nikaenda Mtawanya. Mama mkwe alikuwa barazani anapepeta mchele, shemeji yangu kakaa kati yetu. Nikaanza, "Shemeji, mwambie mama..." nikaishia hapo. Neno lile halikuwa la kutumia mtu. Nikamtazama mwenyewe, nikasema, "Mama, nisamehe. Gari halikuuawa na mafuriko. Mimi niliweka bomba la hewa chini, ndilo lililovuta maji. Nilijua liko chini. Nilifukuza bajaji, na njia kavu niliikataa."

Akaweka ungo chini. "Bomba nililiona," akaniambia, mimi, si shemeji. "Nilipokuwa nasukuma mkono wangu uliligusa. Na mwanangu nilimwambia siku ileile. Tulikuwa tunangoja useme wewe. Miezi yote hii unamsingizia Mungu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakurudi siku ile, wala wiki ile. Alirudi mpunga ulipokwisha kuvunwa, kwa hiari yake, na mimi sikumuuliza kwa nini kachelewa.

Basi vijana, somo lenu. Anzeni na plagi, nozeli na kompresheni, kama mzee alivyoniambia. Nguvu nyingi mnazozitafuta zimo humo, na gharama yake ndogo. Kisha breki na matairi. Hewa baridi mkiitaka, ichukueni juu, nyuma ya taa, ipite kwenye chujio safi. Na mkikosea, maana mtakosea, semeni "ni mimi" mapema. Mimi nilichelewa, na mke wangu akaomboleza peke yake wakati nilipaswa kuwa kando yake.

Nawashukuru wote waliobeba kile kitanda, wawili wao wamo humu. Namshukuru fundi, namshukuru mama mkwe. Mke wangu, wewe nakushukuru mbele ya watu.

Mwaka huu mwanetu angekuwa anatembea. Kabla hamjaniuliza maswali ya magari, ndugu zangu, naomba tunyanyue mikono tumwombee.