Mnong'ono Uliopenya Ngurumo

Benchi la wanywa kahawa limeegemea ukuta wa mashine ya kusaga nafaka, na mashine ikinguruma hata vikombe vya kahawa hutetemeka. Asubuhi hiyo Msagaji alikuwa ndani, mikono kwenye gunia, wenzake wawili wakimteta huko nje. Ghafla alizima mashine akatoka mbio, mweupe kwa unga hadi kope.

— Nani amenitaja?

Breki, dereva mstaafu, alijimwagia kahawa mapajani.

— Mungu wangu! Si nimenong'ona tu!

— Umenong'ona nini?

— Kwamba Msagaji siku hizi amekuwa kiziwi.

Msagaji alivimba kifua. Mwezi mzima mkewe alikuwa akimsihi akapimwe masikio, naye akikataa katakata.

— Kiziwi gani husikia mnong'ono? Kamwambie shemeji yako, huyo mke wangu!

— Lakini mimi nilikuwa bega kwa bega na Breki, na nimemsikia kwa shida! Fundi Saa, mwenzake wa pili benchini, alishangaa. Huo ni ubongo, jamani. Dukani nina saa arobaini ukutani, sisikii hata moja. Ikisimama moja tu, nashtuka! Ubongo unachagua. Uliyoyazoea unayatupa.

— Yaani kuna bawabu sikioni? Breki aliuliza. Jina lako lina kitambulisho, linapita bila foleni?

— Ndiyo hivyo. Na ngurumo ya mashine inaachwa nje.

— Basi huenda tunasikia kila kitu, hata mchwa wakitafuna dari, ila bawabu anatuficha tusipate wazimu!

— Toba! Msagaji alijishika masikio, akicheka kwa hofu.

Hapo mkewe akatokea uani, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa maji.

— Baba watoto, sufuria ya uji imenimwagikia.

Msagaji aliruka.

— Saa ngapi?

— Sasa hivi, ulipokuwa ukisaga. Nimekuita mara tano, na mlango wa nyuma wa mashine uko wazi. Aliyekuja kunisaidia ni jirani wa nyumba ya tatu.

— Pole, shemeji, Breki alisema kwa sauti ndogo.

Mama huyo hakugombana. Alimtazama mumewe tu.

— Nimewasikia mkizungumza. Mnong'ono wa Breki umekufikia. Mimi mbona hukunisikia?

Fundi Saa aligeuza uso. Breki akachungulia kikombe kitupu. Msagaji akaupokea mkono ule polepole.